Tanga mjini: namna ya kulisoma jengo la duka

Gonga nguzo ya baraza kwa kifundo cha kidole. Ikiitika kwa sauti nzito, ya kushiba, lipu bado imeshikana na jiwe. Ikilia kama debe tupu, nyuma yake pana mwanya, na ndani ya mwanya huo kuna chumvi. Katika mitaa ya Tanga iliyo kati ya bandari na reli unaweza kugonga nguzo hamsini asubuhi moja. Ukimaliza, utaujua mji kuliko aliyezunguka siku nzima akisoma vibao vya majengo ya Wajerumani.

Tanga ina sifa ya "waja leo waondoka leo", na wageni wengi huitimiza vizuri: Mapango ya Amboni asubuhi, magofu ya Tongoni mchana, Boma na mnara wa saa jioni, kesho basi la Dar. Boma lina haki yake, hatulinyimi. Lakini jengo linaloubeba mji huu ni lile ambalo halimo kwenye orodha ya mtu: duka chini, nyumba juu, baraza mbele, na tarehe iliyochongwa kwenye kilele cha ukuta. Makala haya ni ya jengo hilo, vipande vyake, maradhi yake, na namna fundi anavyoliua kwa nia njema.

Kwanza ujue umesimama wapi

Mji wenyewe ni mdogo. Kaskazini ni ghuba, na mbele ya bandari kimelala kisiwa cha Toten. Jina hilo ni la Kijerumani, kisiwa cha wafu, nacho kina makaburi na magofu ya misikiti. Kusini ni reli. Kati ya hivyo viwili mitaa imenyooka na kukatana kwa pembe mraba: Independence Avenue inaifuata bandari, Market Street iko katikati ya biashara, na mingine inashuka kuelekea stesheni. Ukivuka reli unaingia Ngamiani, ambako barabara huitwa kwa namba. Ukielekea mashariki unapita Bombo, unafika Raskazone kwenye nyumba za bustani kubwa na upepo wa bahari.

Mpangilio huo ulikusudiwa. Wazungu walijichagulia upepo, wafanyabiashara wa Kihindi wakapewa katikati, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya reli. Ukiwa na baiskeli, na Tanga ni mji wa baiskeli, unavuka mipaka yote mitatu kwa robo saa na kuona jinsi viwanja vinavyobadilika upana, kuta zinavyobadilika unene na miti inavyoongezeka au kupungua.

Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Kampuni iliyoianza ilifilisika njiani na serikali ya kikoloni ikaichukua. Ili treni ishuke hadi gatini, ardhi ilibidi ichimbwe mfereji mrefu mashariki ya mji, na mfereji huo ndio uliowatesa Waingereza Novemba 1914 walipotua Raskazone wakitaka kuingia mjini kwa miguu. Baadhi ya askari wao waliingia hata hivyo, wakapandisha bendera juu ya hoteli iliyoitwa Deutscher Kaiser, kisha wakatolewa. Wengi hukumbuka tu hadithi ya nyuki waliowavamia askari katika vita hivyo. Anayetazama majengo azingatie mfereji: reli ndiyo iliyoamua mji uishie wapi.

Fedha ilitoka kwenye mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche kutoka Florida kupitia Hamburg. Katika elfu moja iliyoagizwa, iliyofika ikiwa hai ni 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Miaka sabini baadaye, 1964, Tanzania ilizalisha kama tani 230,000, nyingi kuliko nchi yoyote duniani. Bei ilipanda sana wakati wa vita ya Korea, mwanzoni mwa miaka ya 1950, na fedha hiyo haikubaki mashambani. Ilishuka na treni ikageuka zege. Ukitembea katikati ya mji ukaona roshani zenye pembe za mviringo, mistari mitatu iliyolala ubavuni mwa dirisha na herufi za mwenye nyumba zikiwa juu kama taji, unatazama sura za miaka ya 1930 hadi 1950, yaani mkonge uliosimamishwa wima.

Kilichofuata ni kirefu, hapa tunakifupisha. Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kwa kipande cha Ruvu hadi Mnyusi, mzigo wa kaskazini ukapata njia ya kwenda Dar. Kamba za plastiki zikaanza kuua soko la katani. Mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa. Viwanda vya serikali vilijaribu kuziba pengo: chuma, mbao, sabuni, na kile cha mbolea kilichoanza 1972 na kufungwa 1991. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1990 mkonge wa nchi nzima ulikuwa kama tani 20,000.

Majengo ya Wajerumani, kwa haraka

Boma la zamani kwenye Independence Avenue sasa ni makumbusho ya Urithi Tanga. Ingia, kwa sababu humo ndimo utakapoona ujenzi wa kale wa pwani ukiwa wazi. Mambo ya kupima ni mawili. Unene wa ukuta: jiwe la matumbawe na chokaa haliwezi kuwa jembamba, kwa hiyo tarajia sentimita 45 hadi 60, na kina cha fremu ya dirisha kitakuonyesha bila futi. Pili ni upana wa chumba. Boriti ya mkoko hubeba dari vizuri ikiwa na urefu wa mita 2.5 hadi 3 hivi; zaidi ya hapo inalegea katikati. Ndiyo maana vyumba vya zamani vya pwani ni vyembamba na virefu, kuanzia Lamu hadi Kilwa. Ukikuta chumba kimevuka mita 4 bila nguzo na jengo ni la kale, tafuta mhimili wa chuma darini. Chuma hicho kilikuja na meli, na ndicho huwa cha kwanza kuoza.

Mnara wa saa na bustani ya Jamhuri viko hatua chache kutoka hapo, na jengo la zamani la hospitali ya Bombo liko ukingoni mwa genge. Stesheni itazame kwa macho, kamera iache mfukoni, tutalirudia hilo.

Jengo la duka, kutoka chini kwenda juu

Anza na baraza. Hapa simaanishi kibaraza cha kukalia cha nyumba ya Kiswahili, namaanisha njia iliyofunikwa mbele ya maduka, yenye nguzo upande wa barabara. Kwa kawaida ina kina cha mita 2 hadi 2.5, na nguzo zinaachana mita 3 au 4. Kazi yake ni kumpitisha mteja kwenye kivuli kutoka duka la kwanza hadi la mwisho bila kukanyaga jua wala matope ya masika. Kila mwenye nyumba alijenga kipande chake, na vipande vilipaswa kukutana usawa mmoja. Tazama sakafu mahali nyumba mbili zinapopakana: ukiona ngazi ya sentimita 10 au 15, hapo majirani hawakuelewana, na bibi mwenye mzigo kichwani ndiye anayelipa hadi leo.

Baraza ndilo linalokufa kwanza. Mwenye duka anaweka kaunta nje, kisha nyavu, kisha ukuta wa tofali moja, na fremu inakuwa kubwa kwa mita 2. Akishafunga mmoja, njia imekatika, watu wanashuka barabarani, na jirani naye haoni sababu ya kuliacha lake wazi.

Nyuma ya baraza ni mlango wa duka. Ule wa asili ni wa mbao nzito, vipande vinne au sita vinavyokunjana kwa bawaba, na asubuhi hufunguka upana wote wa fremu. Juu yake pana uwazi wenye nondo au mbao zilizotobolewa nakshi. Watu wengi hudhani ni pambo, wanauziba kwa kioo ili kuweka kiyoyozi. Kumbe ndio uliokuwa unatoa joto: duka lina kimo cha mita 4 au zaidi, hewa ya moto inapanda, inatokea pale juu, na ya baridi inaingia kutoka barazani. Ukiziba tundu hilo bila kushusha dari, umenunua kazi ya kupooza mita 4 za hewa.

Pembeni ya duka kuna mlango mwembamba, pengine sentimita 80 tu, wenye ngazi ya moja kwa moja kwenda juu. Ghorofani walikaa wenye duka. Roshani yao imening'inia juu ya baraza au imelifunika lote. Chunguza kingo zake. Kama ni zege, upande wa chini mara nyingi kuna mfereji mdogo, upana wa kidole, unaofuata ukingo. Huo huzuia tone la mvua lisitambae kwenda ukutani. Fundi wa leo akipiga lipu huujaza, kwa sababu kwake ni ufa. Msimu mmoja wa masika baadaye doa jeusi linaanza kushuka.

Juu kabisa ni parapeti, ukuta unaoficha paa, wenye tarehe na jina. Uzuri wote wa barabara uko hapo, na ugonjwa wote pia. Nyuma ya parapeti kuna paa la mabati linaloteremka kuelekea ukuta huohuo, na kati yake gata iliyofichika. Maji yote ya nusu ya paa yanaingia kwenye mfereji usioonekana kutoka chini, wenye tundu moja au mawili ya kushushia. Majani ya mwarobaini na vijiti vya viota vya kunguru vinatosha kuziba tundu, na maji yakijaa hayana pa kwenda ila ndani ya ukuta.

Dalili huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Ukiona mche wa mkuyu umeota kwenye parapeti, gata imeziba kwa muda wa kutosha mbegu kupata udongo. Ukiona doa la kijani lililoanzia juu na kushuka kama ulimi, bomba la kushushia limepasuka mahali ulimi unapoanzia. Lililopanda kutoka chini hadi usawa wa kiuno ni jingine kabisa, ni unyevu wa ardhini. Watu huyachanganya haya mawili, wakatibu mguu kwa homa ya kichwa.

Gata ya namna hii isafishwe mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli. Inahitaji mteremko wa angalau sentimita 1 kwa kila mita, na tundu la dharura kwenye parapeti, chini kidogo ya kingo za bati, ili likiziba la kawaida maji yamwagike barabarani kila mtu aone. Aibu ya kumwagia wapita njia ni bei nafuu. Mkuyu usiung'oe kwa kuuvuta. Mizizi itatoka na mawe. Ukate, utoboe kisiki, utie dawa ya kuua magugu, usubiri ukauke kabisa, ndipo uondoe na kuziba.

Kwa nini rangi ilikoma

Mtu anayetembea Market Street kwa mara ya kwanza huuliza mbona mji mzuri hivi umeachwa. Jibu lina tarehe. Aprili 1971 ilipitishwa sheria ya kutwaa majengo: jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000 likawa mali ya serikali chini ya Msajili wa Majumba. Fidia ilihesabiwa kwa umri. Jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa kitu. Sasa piga hesabu: majengo mengi ya fedha ya mkonge yalikuwa yamejengwa kabla ya 1961. Wengi wa wenye nyumba walifunga virago, wakaenda Uingereza na Canada. Mwaka 1990 mali za Msajili zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa.

Mpangaji aliyebaki hakuwa na sababu ya kupaka rangi parapeti ya jengo lisilo lake, na mwenye jengo alikuwa ofisi yenye maelfu ya majengo. Fremu zikabadilishana mikono kwa kilemba, yaani fedha anayopewa mpangaji ili apishe mwingine, na kilemba kinalipia nafasi ya duka. Hakuna anayekitumia kwenye gata. Kwa hiyo kuanzia 1971 hakuna aliyejenga upya, na hakuna aliyeharibu kwa kujenga upya. Lipu ya chokaa ikabaki lipu ya chokaa. Katikati ya Dar es Salaam, majengo ndugu wa haya yameshapisha minara. Ya Tanga bado yamesimama kwa safu, na safu ndiyo yenye thamani: nyumba moja ya 1938 peke yake ni kumbukumbu tu, ishirini zilizoshikana ni mtaa.

Utulivu huo umekwisha. Bandari, ambako zamani meli zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa na matishari, imechimbwa kina na kupata gati za meli kubwa. Treni za mizigo zilirudi kwenye reli ya kaskazini 2019. Bomba la mafuta ghafi kutoka Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba. Fedha inarudi mjini, na fedha ikirudi hununua saruji.

Chokaa na saruji

Hapa tutakaa, maana ndipo majengo mengi yanapofia.

Ukuta wa matumbawe hunywa maji. Maji yanapanda kutoka ardhini kama mafuta kwenye utambi, yakiwa yamebeba chumvi, kwa kuwa tuko pwani na jiwe lenyewe lilizaliwa baharini. Lipu ya chokaa ina vinyweleo. Maji yanafika usoni, yanakauka, chumvi inabaki juu kama unga mweupe unaoweza kuufagia. Ukuta unatoka jasho na maisha yanaendelea. Ukiufunika kwa saruji, jasho halitoki. Maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu, na kila inapoganda inasukuma. Miaka mitatu au minne baadaye saruji inaachia kwa vipande vikubwa, ikiwa imeng'oka na uso wa jiwe. Mwenye nyumba anasema fundi aliiba saruji. Siku nyingine anataka mchanganyiko mzito zaidi, na anaharakisha kifo.

Rangi ya mafuta inafanya dhambi ileile kwa kimya. Ile mita moja na robo ya chini ambayo kila duka huipaka ili uchafu wa mikono usionekane, ndiyo mahali hasa unyevu unapotaka kutokea. Ukiona mapovu ya rangi yamejipanga mstari mmoja juu ya ukingo wa rangi ya mafuta, ukuta umekueleza kila kitu. Na zile rangi za makampuni ya simu zinazovaa jengo zima, parapeti hadi ngazi, huja na kupaka bure. Kubandua hakumo kwenye mkataba.

Kutambua lipu ni rahisi. Kwaruza kwa ufunguo mahali pasipoonekana. Chokaa hukatika na kuacha unga mweupe. Saruji hupiga kelele na kuacha mstari wa kijivu.

Kazi ya kurudishia chokaa kwenye ukuta wa nje huenda hivi. Bandua lipu yote inayolia debe, uvuke doa la unyevu kwa nusu mita hivi. Fukua viungo vya mawe kwa kina cha sentimita 2. Piga brashi kavu uondoe chumvi, uikusanye kwenye turubai uitupe mbali. Ukiifagia chini ya ukuta itarudi. Acha ukuta wazi wiki kadhaa, ikiwezekana kiangazi kizima cha Januari na Februari, wakati kaskazi inapuliza na mvua ni haba.

Chokaa ya mfuko iliyokwisha kuzimwa kwa maji iloweke mapema kwenye pipa, maji yaifunike kwa sentimita 5. Siku moja ni kiwango cha chini, wiki mbili ni bora, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika kama siagi. Ukipata chokaa mbichi kutoka tanuri, tia chokaa kidogo kidogo kwenye maji; kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka kweli, na tone likiingia jichoni ni hospitali. Miwani na glavu si mapambo.

Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kali zinazochoma kiganja. Wa ufukweni haufai hata ukioshwa na mtu anayekuapia. Uweke kwenye chupa ya kioo hadi nusu, jaza maji, tikisa, acha usiku mmoja: tabaka la tope juu likizidi takriban sehemu moja kwa kumi na mbili ya mchanga, tafuta mwingine. Uonje kwa ncha ya ulimi pia. Mafundi wa zamani walifanya hivyo na hawakuhitaji maabara.

Kipimo ni chokaa moja kwa mchanga tatu, kwa ujazo. Kwa mita 10 za mraba zenye lipu ya milimita 20 unahitaji lita 200, yaani ndoo kumi za lita 20 za mchanga. Chokaa huingia kwenye nafasi za katikati ya chembe na haiongezi sana ujazo, kwa hiyo weka ndoo tatu na nusu. Ongeza moja ya kumi kwa kinachoanguka. Lowesha ukuta tangu jana yake, na tena asubuhi. Piga mikono miwili, yaani tabaka mbili, kila mmoja wa milimita 10, na wa kwanza ukwaruzwe kabla haujakaza ili wa pili ushike. Usipige juani: ukiwa upande wa mashariki fanya mchana, upande wa magharibi fanya asubuhi. Ning'iniza magunia ya katani yaliyoloweshwa, yakae na unyevu siku 4 hadi 7. Chokaa haikauki, inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na bila unyevu haivuti. Ikikaushwa haraka inapasuka nyufa nyembamba na kubaki unga. Hapo ndipo fundi asiye na subira huchota kikombe cha saruji "kuipa nguvu", na kazi yote inarudi pale tulipotoka.

Mwisho ni kupaka chokaa nyepesi kama maziwa, mikono minne au mitano. Mkono wa kwanza utaonekana kama maji matupu. Kesho yake utakuwa mweupe. Anayepaka mzito ili amalize kwa mikono miwili ataufagia wote kabla ya Idi.

Kinachochekesha ni kwamba Tanga imekalia dawa yake yenyewe. Mwamba wa Amboni uliotobolewa mapango ni wa chokaa, na wa jamii hiyohiyo unachimbwa Pongwe kutengenezea saruji. Ugumu uko kwa mafundi. Anayejua kupiga chokaa bila kuichanganya na saruji ni wa kutafutwa kwa jina, na mara nyingi ni mzee. Ukimpata, mpe na kijana wa kumbebea ndoo.

Roshani inayomwaga kokoto

Zege la miaka ya 1930 hadi 1950 lina ugonjwa wake tofauti, na chokaa haina neno hapo. Nondo za wakati ule ni laini, hazina mistari, na mara nyingi zimefunikwa kwa milimita 15 au 20 tu za zege. Zege bichi ni kali kama magadi na ukali huo hulinda chuma. Hewa inauzima polepole, milimita kwa milimita kutoka nje. Siku unapofika kwenye nondo, kutu inaanza, tena kwa kasi zaidi kama mchanga ulikuwa wa pwani au maji yalikuwa ya kisima chenye chumvi. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa ya chuma kilichozaliwa nacho, kwa hiyo zege linapasuka kufuata nondo, kisha linadondoka. Ukiona ufa ulionyooka chini ya roshani, usisimame hapo kusoma tarehe ya parapeti.

Ukarabati wa juujuu, yaani kuziba pengo kwa lipu, unaficha hatari tu. Ubao uliooza lazima ukatwe hadi kwenye mbao nzima, na zege ni hivyohivyo. Weka mihimili ya kushikilia kwanza. Gonga kwa nyundo ndogo uweke alama ya chaki mahali panapolia. Chimba hadi nyuma ya nondo kwa milimita 20, uendelee kwenye urefu wake mpaka ufike chuma kisicho na kutu. Sugua hadi king'ae. Nondo iliyopoteza zaidi ya robo ya chuma chake iongezewe nyingine pembeni. Paka uji wa saruji, na kabla haujakauka jaza mchanganyiko mkavu, saruji moja kwa mchanga mbili na nusu au tatu, kwa tabaka, ukishindilia. Funika kwa gunia bichi siku saba. Rudisha na ule mfereji wa tone chini ya ukingo: pigilia ufito mwembamba kabla ya kujaza, uutoe kesho yake. Kama roshani imeinama au nondo kuu zimekatika, hiyo ni kazi ya mhandisi, maliza hapo.

Sheria inalinda nini

Kidogo kuliko unavyodhani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Jengo la duka la 1952 haliko popote mpaka waziri alitangaze. Kwa hiyo mlango wenye nakshi una kinga zaidi ya nyumba iliyoushika, jambo ambalo madalali wa milango wanalijua vizuri. Anayetaka mtaa mzima utazamwe kama mtaa inabidi apite kwenye mipango miji ya Halmashauri ya Jiji, na huko hoja ya uzuri haimfikishi mbali. Inayosikika ni ya kivuli na mvua: njia iliyofunikwa ni huduma ya umma ambayo Jiji halikuilipia.

Ukienda kutazama

Anza saa moja asubuhi kwenye Independence Avenue, ushuke kuelekea Market Street, umalizie upande wa reli kabla ya saa nne, jua halijaanza kuangukia utosini. Kuanzia saa kumi jioni rudi mitaa uliyopita, utazame upande uliokuwa kivulini. Kati ya Juni na Julai jua hupita kaskazini ya Tanga na nyuso zinazotazama ghuba hupata mwanga wa ubavuni unaoonyesha kila ufa. Desemba hadi Januari nyuso hizo hubaki kivulini. Kwa kupiga picha ni Juni. Kwa kutafuta uvujaji ni siku moja baada ya mvua kubwa ya Aprili, wakati ukuta wenye afya umekauka na ule mgonjwa bado una giza.

Chukua futi ya mita 5, daftari, ufunguo, na maji. Usielekeze kamera bandarini, stesheni, kituo cha polisi wala benki. Hilo si suala la kubishana na mlinzi. Kwenye maduka, salamu kwanza. Mwenye duka mzee anasalimiwa shikamoo hata kama hununui kitu, kisha unamwambia unatazama jengo. Wengi watadhani umetumwa na Shirika la Nyumba au na mnunuzi. Useme ukweli, na umwulize maji yanaingia wapi mvua ikinyesha. Atakuonyesha mwenyewe, kwa kidole, na mara nyingi atataka upande ngazi uone na dari.

Ukiwa juu, fungua dirisha linalotazama nyuma. Mbele ya jengo ni mji wa parapeti na majina, nyuma ni ua wa kufulia, tangi la maji, jiko lililojengwa kando ili moto usipande ghorofani, na ngazi ya pili ya watumishi. Hapo lipu huwa haijaguswa tangu siku ya kwanza. Kwaruza kwa ufunguo.